Vitambaa Vyenye Habari: Sindano ya Wakimbizi wa Kihmong

Katika sikukuu ya jubilei akina mama wa usharika huvaa vitenge vilivyochapwa kwa ajili ya siku hiyo, vyenye jina la usharika na hesabu ya miaka ambayo Mungu ameujalia. Hakuna anayehitaji kufafanuliwa maana ya jambo hilo, kwa kuwa watu wa nchi hii wamezoea nguo inayosema. Kanga ina jina lake, na aliyepewa kanga husoma jina kabla ya kupima upana. Hata kitambaa cha kochi kilichodariziwa maneno ya kumkaribisha mgeni hutangulia kusalimia kabla mwenye nyumba hajafungua kinywa. Kwa sababu hiyo yafaa kumbukumbu hii iwe na nafasi kwa habari ya watu wa mbali walioandika historia yao kwa uzi, na ambao Walutheri wamekutana nao kwa njia isiyotazamiwa.

Dayosisi ya Iringa imekuwa na uhusiano na Sinodi ya Eneo la Saint Paul, huko Minnesota, Marekani, tangu miaka ya 1980, na uhusiano huo unajulikana na wote kwa jina la Bega kwa Bega. Wageni waliotoka huko wamelala katika nyumba za washarika, wakala ugali na kuimba nyimbo za nyumbani kwao. Lisilojulikana sana ni kwamba mji wao umekuwa pia makao ya mojawapo ya jumuiya kubwa za Wahmong nchini Marekani. Katika sensa ya mwaka 2010 Wahmong wa jimbo la Minnesota walihesabiwa kuwa zaidi ya 60,000, na karibu wote walikuwa ama wakimbizi ama watoto na wajukuu wa wakimbizi.

Wahmong ni watu wa milimani. Mababu zao waliishi kusini mwa China, na katika karne ya 19 wengi walihamia milima ya Laos na nchi za jirani. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 Marekani iliwapa silaha wanaume na vijana wao chini ya Jenerali Vang Pao, katika vita ambayo umma wa Marekani haukuambiwa habari zake. Kati ya mwaka 1964 na 1973 ndege za Marekani zilidondosha juu ya Laos zaidi ya tani milioni mbili za mabomu. Mei 1975 jenerali na baadhi ya maofisa wake waliondolewa kwa ndege. Waliobaki nyuma walishika njia ya msituni kwa miguu kuelekea mto Mekong, ambao ng'ambo yake ni Thailand. Walivuka usiku kwa mafungu ya mianzi, kwa magogo ya migomba na kwa mipira ya ndani ya magurudumu. Si wote waliofika ng'ambo.

Wanawake wa Kihmong walikuwa na sanaa yao ya sindano tangu zamani, iitwayo *paj ntaub*, yaani kitambaa cha maua. Walidarizi, walichora kwa nta na kutia rangi ya nili kwa namna inayofanana na batiki, na walibandika kitambaa juu ya kitambaa, wakakata cha juu na kukunja kingo kwa mishono midogo mno. Mapambo hayo hayakuonyesha watu wala nyumba. Yalikuwa maumbo tu, mengine yakiitwa konokono, mengine unyayo wa tembo, nayo yalitiwa katika mbeleko za watoto, katika mavazi ya Mwaka Mpya na katika nguo za maziko. Lugha yao haikuwa na maandishi yaliyoenea hadi wamisionari wa Kiprotestanti na wa Kikatoliki walipotunga tahajia ya herufi za Kirumi huko Laos, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wazee wao hueleza kwamba hapo kale walikuwa na maandishi, watawala wa China wakayapiga marufuku, na wanawake wakayaficha ndani ya mapambo ya nguo. Mwanahistoria hawezi kulithibitisha jambo hilo, lakini lafaa kukumbukwa, maana linaonyesha ni nani aliyeaminiwa kutunza kumbukumbu za taifa.

Kambi ya Ban Vinai ilifunguliwa katika mkoa wa Loei, Thailand, mwishoni mwa mwaka 1975. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa na wakazi zaidi ya 40,000. Watu waliozoea kulima milima mizima sasa hawakuwa na shamba. Siku zilikuwa ndefu, na posho ilikuwa ya kupewa. Humo ndimo ilipozaliwa namna mpya ya kitambaa, kitambaa cha hadithi. Wanaume na vijana waliojua kalamu walichora kwa penseli watu, wanyama, nyumba na ndege, wengine wakifuata mtindo wa picha za vitabu vya shule. Wanawake wakajaza michoro hiyo kwa uzi wa rangi. Kwa mara ya kwanza *paj ntaub* ikawa na uso wa mtu.

Mtazamaji anayekunjua kitambaa kama hicho huanza juu. Kuna mahindi na mpunga milimani, mwanamke anatwanga, kuku wanadonoa. Chini yake zinakuja ndege na helikopta, na vipande vya uzi mwekundu vinashuka juu ya mapaa. Kisha mstari wa watu wenye vikapu mgongoni unapita kati ya miti. Halafu mto. Mto wa buluu hukikata kitambaa toka upande hadi upande, na ndani yake watu wanaelea, askari wakiwa nyuma yao. Hatua hizo zote huonekana mara moja, na mtoto asiyejua kusoma aweza kuzifuata kwa kidole huku bibi yake akimweleza. Kazi ya kitambaa kimoja ilipita katika mikono mingi: huyu alichora, huyu alishona watu, mwingine alimalizia pindo la pembetatu, na kila mmoja alikuwa amevuka mto uleule.

Hata hivyo haingekuwa haki kuficha upande wa pili. Vitambaa hivyo vilishonwa viuzwe. Mashirika ya misaada, yakiwemo ya kimisioni, yalitafuta wanunuzi, na ndugu waliotangulia Marekani walivipokea kwa posta, wakaviuza na kurudisha fedha kambini. Wanunuzi walipenda rangi zilizopoa, nao washonaji wakaacha waridi na kijani kikali wakashika buluu na kahawia. Maneno ya Kiingereza yakadariziwa chini ya picha, na mara nyingi mwenye kushona hakuweza kuyasoma. Wapo waliosema kwamba huo haukuwa tena urithi bali bidhaa. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Mama aliyeshona mauti ya jamaa zake apate fedha ya kuwanunulia chakula walio hai hakuifanya habari yake kuwa ya uongo. Lakini ni kweli pia kwamba mnunuzi alichagua ni sehemu ipi ya habari ingesikika, na vitambaa vya kijiji chenye amani vilipata pa kutundikwa sebuleni kwa urahisi kuliko vile vya mto.

Hapa ndipo Walutheri wanapoingia katika historia hii. Shirika la Kilutheri la kuwahudumia wahamiaji na wakimbizi nchini Marekani, lililoanza mwaka 1939 na ambalo mwaka 2024 lilichukua jina la Global Refuge, liliziomba sharika zidhamini familia moja moja kutoka Asia ya Kusini-Mashariki. Sharika za Minnesota zilikuwa miongoni mwa zilizoitika. Kudhamini kulikuwa kupanga nyumba, kutafuta makoti ya theluji, kumwandikisha mtoto shule na kumpeleka bibi hospitali. Akina mama wa sharika hizo walikuwa nao na sindano zao. Kwa miaka mingi wameketi pamoja wakiunganisha vipande vya nguo kuukuu kuwa mablanketi ya viraka, ambayo husafirishwa kwenda kwa wahitaji wa nchi nyingi, Tanzania ikiwa mojawapo.

Huko Lancaster, Pennsylvania, sindano hizo mbili zilikutana kwa namna ya ajabu. Wanawake wa Kihmong waliopokelewa huko walikuwa mafundi hodari kiasi kwamba katika miaka ya 1980 walianza kushona mablanketi ya viraka yanayouzwa kwa watalii kama kazi ya Waamish. Mnunuzi alifurahia mshono mzuri bila kujua ni mkono wa nani. Waliokuwa wameshona maisha yao yote mbele ya macho ya dunia wakawa wanashona ya wengine, bila jina.

Kanisa la nchi hii lina deni lake katika jambo hili. Mwezi Januari 1964 serikali, Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi na Fungamano la Kilutheri Duniani viliafikiana, na kutokana na maafikiano hayo ikaanza huduma ya TCRS, iliyowapokea Wanyarwanda, kisha Wamsumbiji, kisha Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 na kulimishwa misitu ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Taarifa za miaka hiyo zimejaa ekari, visima, magunia na idadi ya kaya, na ni taarifa za heshima. Lakini mwanamke wa Kirundi aliyefika Katumba na mtoto mgongoni yumo humo kama tarakimu tu. Alichokuwa amefungia mtoto, aliyempa, na alichokiacha nyumbani havikuandikwa. Katika kitabu cha Matendo, Dorkasi alipofariki huko Yafa, wajane walimwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea. Hizo ndizo zilizokuwa hati za maisha yake, na mwandishi aliona vema kuzitaja.

Ban Vinai ilifungwa mwaka 1992. Kundi kubwa la mwisho, watu wapatao 15,000 kutoka Wat Tham Krabok, walianza kupokelewa Marekani mwaka 2004, na wengi wao wakafika Saint Paul kwa jamaa zao. Binti zao wamekuwa walimu, wauguzi na wanasheria, na si wengi wanaojua ule mshono mdogo wa kukunja kingo. Vitambaa vyenyewe vipo, katika makumbusho na katika masanduku ya nyumbani. Vingi huishia kwenye kona ya chini, ambako uzio wa kambi umeshonwa kwa uzi wa kijivu, na nje ya lango basi linasubiri, milango yake ikiwa wazi.