Shimo Lisilokaririka

Ngazi za mnara huu hazipandwi mara mbili. Mchezaji aliyefika ghorofa ya kumi jana akauawa na zimwi, akianza upya leo atakuta kuta zimehama, ngazi ya kupandia iko upande mwingine, na sanduku lililokuwa na upanga halipo. Hakuna mtu aliyekaa akaichora ghorofa hiyo. Kompyuta imeipanga papo hapo kwa hesabu, na mchezaji akifa itaifuta. Gemu za namna hii, ambazo shimo au mnara wake huzaliwa upya kila safari, zinakaribia kutimiza nusu karne. Mojawapo ya zile maarufu zaidi, Diablo, inafikisha miaka 30 mwishoni mwa mwaka 2026. Hiyo ni sababu tosha ya kuisimulia historia ya gemu hizi katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita, ambako shimo lisilo na ramani si jambo la kubuni.

Mchimbaji mdogo wa Kahama au Nyarugusu hahitaji maelezo marefu. Duara, yaani shimo lake la kuchimbia, huanza kwa mdomo mwembamba unaoshuka wima, kuta zake zikishikiliwa na matimba. Huko chini, wachimbaji wakiupata mwamba wenye dhahabu huufuata unakokwenda: ukilala wanalala nao, ukipinda wanapinda, ukipotea wanapapasa kushoto na kulia mpaka uonekane tena. Miaka ikipita, duara la huyu hutobozana na duara la yule, na chini ya uwanja mmoja kunakuwa na vichochoro ambavyo hakuna aliyevipanga. Umbo lake limeandikwa na mwamba, na mchimbaji hulisoma kwa nyundo na tindo, hatua kwa hatua. Migodi mikubwa ni habari nyingine. Bulyanhulu, mgodi wa chini ya ardhi ulioanza uzalishaji mwaka 2001, una wapimaji wanaojua kila njia iko kina gani. Kwenye duara, ramani imo kichwani mwa aliyechimba, naye akihama kufuata rashi nyingine ya dhahabu huondoka nayo.

Gemu za mashimo nazo zilianzia kwenye shimo la kweli. Will Crowther alikuwa mtunga programu wa Marekani aliyekuwa pia mpenzi wa kutambaa mapangoni. Yeye na mkewe Patricia walishiriki kupima mapango ya Kentucky, na Patricia alikuwamo katika msafara wa Septemba 1972 uliogundua kwamba pango la Flint Ridge limeungana na lile la Mammoth. Baada ya ndoa yao kuvunjika, Crowther aliandika programu ya kuwafurahisha binti zake: mchezaji anaandika amri fupi, kompyuta inamjibu kwa maneno inamweleza alipo. Njia za gemu hiyo, iliyokuja kuitwa Adventure, zilifuata sehemu ya pango la Mammoth iitwayo Bedquilt. Mwaka 1977 Don Woods wa Stanford aliipanua na kuiongezea mazimwi na hazina, ikasambaa katika vyuo vikuu vyenye kompyuta kubwa.

Kasoro yake ilikuwa moja. Pango la Kentucky halihami. Aliyelimaliza mara moja alikuwa amelikariri, na hapo utamu ukaisha.

Ni nani aliyeiondoa kasoro hiyo kwanza? Hapa pana ugomvi, na wenye kuwahi kusikia watu wawili wakigombea mdomo wa duara watautambua upesi. Tangu mwaka 1974 kulikuwa na mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, ambao msimamizi wake aliweza kurusha dadu na kupata vyumba asivyovitarajia. Mwaka 1975, katika mtandao wa kompyuta wa PLATO wa Chuo Kikuu cha Illinois, Rusty Rutherford aliificha gemu yake ya mashimo chini ya jina la somo, pedit5, ili wasimamizi wasiishtukie. Wakaishtukia na kuifuta, ikarudishwa, wakaifuta tena. Lakini ramani ya pedit5 ilikuwa ileile kila siku. Kilichobahatishwa ni mazimwi tu. Mwaka 1978 Don Worth alitoa Beneath Apple Manor kwa kompyuta ya Apple II, na humo vyumba vyenyewe vilipangwa upya. Kwa haki ya tarehe, shimo ni lake.

Hata hivyo jina lilikwenda kwa wengine. Karibu na mwaka 1980 Michael Toy na Glenn Wichman, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kule Santa Cruz, waliochoshwa na Adventure, walitaka gemu itakayomshangaza hata mtungaji wake. Wichman ndiye aliyeipa jina Rogue. Toy alipohamia Berkeley alikutana na Ken Arnold, mtungaji wa zana za programu zilizowezesha herufi kuwekwa popote kwenye skrini, na hao wawili wakaikamilisha. Mwaka 1983 gemu hiyo ilisafiri ndani ya toleo la 4.2 la mfumo wa BSD, uliotumiwa na vyuo vikuu vingi, na kwa njia hiyo ikaingia karibu kila chumba cha kompyuta cha wasomi wa Marekani. Gemu ya Worth ilibaki kwa wanunuzi wake wachache. Leo jamii nzima ya gemu hizi huitwa kwa jina la Rogue, na hakuna anayesema Apple Manor. Aliyewahi kuchimba ni mmoja, aliyepata barabara ya kufikisha mawe sokoni ni mwingine.

Rogue haikuwa na picha hata moja. Mchezaji alikuwa alama ya @. Kila zimwi lilikuwa herufi kubwa, kuanzia A hadi Z, kwa hiyo mazimwi yalikuwa 26. Kina kilikuwa 26 pia, na huko chini kulikuwa na hirizi ya Yendor, ambayo mshindi alipaswa kuichukua na kisha kupanda nayo hadi juu. Kila ghorofa iligawanywa mraba wa vyumba tisa, vitatu kwa vitatu. Baadhi vilifutwa, vingine vikazimwa taa, na vilivyobaki vikaunganishwa kwa vichochoro. Milango mingine ilifichwa. Dawa za chupani zilitambulishwa kwa rangi tu, na rangi hizo zilichanganywa upya kila safari: dawa nyekundu iliyoponya jana leo inaweza kupofusha. Kukaa mahali pamoja pia hakukuwezekana, kwa sababu mchezaji aliona njaa, na chakula kilipatikana kwa kusonga mbele. Kifo kilikuwa kifo. Aliyehifadhi safari yake ili aendelee kesho alikuta kumbukumbu imefutwa mara tu alipoifungua, asipate kuirudia akifa.

Bahati nasibu ya kompyuta si bahati kamili, na hapa ndipo pana ujanja wote. Wataalamu hutumia neno zuri: mbegu. Programu huanza na namba moja, aghalabu iliyochukuliwa kwenye saa ya kompyuta. Katika toleo mojawapo la Rogue, namba hiyo huzidishwa kwa 11109, hujumlishwa na 13849, kisha kipande cha jibu hukatwa na kutumika kuamua kama kuna chumba au hakuna, mlango uko wapi, zimwi lipi linangoja. Jibu zima hugeuka mbegu ya hesabu inayofuata. Mbegu ileile huzaa shimo lilelile, ukuta kwa ukuta. Mchezaji huliona shimo kama vurugu kwa sababu mbegu hajaionyeshwa. Duara nalo lina mbegu yake, ule mshipa wa mwamba katika miamba ya Usukumani yenye umri unaozidi miaka bilioni mbili na nusu, nao pia haujaonyeshwa kwa mtu.

Kisa kinachostahili kukumbukwa zaidi ni cha mchezaji ambaye hakuwa mtu. Katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, vijana wanne, Michael Mauldin, Guy Jacobson, Andrew Appel na Leonard Hamey, waliandika programu iitwayo Rog-O-Matic yenye kazi moja tu: kucheza Rogue. Haikuruhusiwa kuchungulia ndani ya gemu. Ilisoma skrini kama binadamu, ikachora ramani ya kule ilikopita, ikakumbuka zimwi lipi hukimbiwa na lipi hupigwa. Mwaka 1983 ilipimwa kwa wiki tatu dhidi ya wachezaji 15 bora wa chuo hicho, na alama zake za katikati ziliwapita wote. Baadaye, katika kompyuta ya Texas, iliipata hirizi na kupanda nayo hadi juu. Ushindi wake haukutokana na kukariri, kwa kuwa hapakuwa na cha kukariri; ulitokana na nidhamu ya kuandika kila kichochoro kilichokwisha kupitwa. Biashara ya Rogue yenyewe haikufika mbali. Toy na mwenzake Jon Lane waliitoa kwa kompyuta za IBM, ikauzwa na kampuni ya Epyx, lakini gemu iliyokuwa imeshazoeleka vyuoni bila malipo ilikuwa ngumu kuiuza.

Mnara ulijengwa Japani. Mwaka 1984 Masanobu Endo wa kampuni ya Namco alitoa The Tower of Druaga, mnara wa ghorofa 60 uliopandwa na shujaa Gil, jina lililokatwa kutoka kwa Gilgamesh wa Mesopotamia. Ghorofa zake zilikuwa zilezile kila siku, lakini masanduku yalifichwa kwa masharti ya ajabu kiasi kwamba wachezaji waliweka madaftari katika kumbi za gemu, kila aliyegundua siri akaiandikia wenzake. Mwaka 1993 kampuni ya Chunsoft iliuchukua mchanganyiko wa Rogue na kumshusha ndani yake Torneko, mfanyabiashara mnene wa Dragon Quest IV. Kutoka hapo minara iliota. Katika Azure Dreams ya mwaka 1997 kijana Koh hupanda mnara wa ghorofa 40, na kila anapoingia nguvu zake hurudi mwanzo kabisa. Anachobaki nacho ni mali na wanyama aliowafuga. Katika Persona 3 ya mwaka 2006 shule hugeuka usiku wa manane kuwa mnara uitwao Tartarus, wenye ghorofa zaidi ya 250 zinazopangwa upya.

Marekani ilibaki inashuka. Diablo, iliyoongozwa na David Brevik, ilichimba viwango 16 chini ya kanisa la mji wa Tristram. Mwanzoni ilichezwa kwa zamu kama Rogue. Brevik alipoibadili iwe ya papo kwa papo, ilipata mamilioni ya wanunuzi. Baada yake orodha ni ndefu na haina haja ya kusomwa yote: Spelunky ya mwaka 2008, ambayo eneo lake la kwanza ni mgodi, Slay the Spire, Hades.

Katika vibanda vya gemu vya Kahama na Geita, pedi mbili na benchi moja, kinachotawala ni mpira wa miguu. Hilo halishangazi. Mnara unataka mchezaji mmoja na saa nyingi, na kibanda kinataka wawili wanaolipa na kupisha. Cha kushangaza ni kwamba hofu inayouzwa na gemu hizi inajulikana hapa kuliko zilikotungwa. Tarehe 5 Oktoba 2015 kifusi kiliziba njia ya machimbo ya Nyangalata, wilayani Kahama. Wachimbaji watano walikaa chini ya ardhi siku 41, wakila mizizi, vyura na mende, mpaka wenzao waliposikia sauti. Mwenzao wa sita alifia humo. Agosti 11, 2025, katika mgodi wa Nyandolwa, Shinyanga, watu 25 walifukiwa. Gemu ilichukua giza na njaa ya shimo, ikaacha hewa, maji na matimba. Na kuna jambo moja inalolifanya vizuri ambalo ukanda wa dhahabu umelipuuza: kila kichochoro mchezaji anachopita huchorwa kwenye skrini, bila yeye kuomba, na hubaki hapo muda wote wa safari. Mwokoaji anayeitwa kwenye duara lililoporomoka hana mchoro wa namna hiyo. Huanza kwa kuuliza walio hai.

Kwa simu za kawaida, shimo hili limekuwa jepesi kufikika. Mwaka 2012 Oleg Dolya wa Urusi alitoa Pixel Dungeon kwa simu za Android, na baadaye akaweka programu yake wazi kwa yeyote kuibadili, ndipo mwaka 2014 likazaliwa toleo la Shattered Pixel Dungeon. Hazihitaji intaneti, kwa hiyo huchezwa hata bando likiisha. Kuta huhama kila safari, rangi za dawa huchanganywa, njaa ipo. Hirizi ya Yendor iko kina cha 26, palepale ilipowekwa na vijana wa California.