Mafunzo ya usimamizi wa maji ya mvua Temeke

Mafunzo ya usimamizi wa maji ya mvua ni elimu inayotolewa kwa wahandisi, wapangamiji, wapimaji ardhi, wabunifu majengo na watumishi wa halmashauri ili waweze kupanga maji ya mvua yapite wapi, yatue wapi na yazame wapi katika mji. Katika manispaa ya Temeke, mkoa wa Dar es Salaam nchini Tanzania, elimu hiyo ina uzito wa pekee, kwa kuwa sehemu kubwa ya makazi ilijengwa kabla ya kupimwa, na mitaro ililazimika kutafutiwa njia katikati ya nyumba zilizokwisha kusimama.

Mazingira

Temeke iko kusini mwa jiji. Kwa sensa ya mwaka 2022 ilikuwa na wakazi 1,346,674. Mito yake mikubwa ni Kizinga na Mzinga, ambayo hutoka upande wa vilima vya magharibi na kusini-magharibi na kuingia katika mkono wa bahari wenye mikoko, kusini mwa bandari. Barabara ya Kilwa huikata mito yote miwili, na ndiyo maana mvua kubwa ikinyesha wakazi wa Mbagala na Kongowe huuliza kwanza habari za madaraja.

Dar es Salaam hupata wastani wa milimita 1,100 hivi za mvua kwa mwaka, nyingi zikiwa za masika (Machi hadi Mei) na za vuli (Oktoba hadi Desemba). Wastani huo haumsaidii sana mtu anayechora mtaro, kwa sababu kinachojaza nyumba maji ni mvua ya saa moja au mbili inayomwagika kwa nguvu. Mnamo Desemba 2011 mvua za siku chache ziliua watu zaidi ya 40 jijini, na waliopoteza makazi mabondeni walihamishiwa Mabwepande, Kinondoni.

Kinachofundishwa

Msingi wa somo ni hesabu ya mtiririko. Mwanafunzi huchukua ukubwa wa eneo, ukali wa mvua na kigezo kinachoonyesha ni sehemu gani ya mvua itakayotiririka badala ya kuzama ardhini. Hekta moja ikinyeshewa milimita 60 kwa saa hupokea takriban lita 167 kila sekunde. Ikiwa ni shamba la mihogo na minazi kwenye udongo wa kichanga, na kigezo kikawa 0.2, zitakazotiririka ni lita 33 hivi. Hekta hiyohiyo ikijaa mabati, kuta na nyua za zege, kigezo kikafika 0.8, zitakuwa lita 133. Mvua haikuongezeka hata tone, lakini mtaro uliotosha zamani sasa unahitaji kubeba mara nne.

Kutokana na hesabu hiyo hufuata fundisho la pili, ambalo wengi hulisahau wakishapata kazi: kuongeza mtaro si dawa ya kila mahali. Mtaro wa zege ulionyooka huharakisha maji. Mtaa wa juu hukauka mapema, na mtaa wa chini hupokea kwa dakika chache maji ambayo zamani yangefika polepole. Kwa hiyo usanifu wa kiwanja huanza kwa kuyazuia maji pale yanapoangukia. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 50 hutoa lita 5,000, yaani tangi kubwa la nyumbani kujaa kwa mvua moja. Mbinu nyingine ni kuacha sehemu ya ua bila zege, kuchimba mashimo ya kokoto ya kunyonya maji, kupanda majani kwenye mikondo midogo na kutenga mabwawa ya muda katika viwanja vya wazi.

Mbinu hizo haziwezi kuchukuliwa kutoka kitabuni na kupandikizwa Temeke zilivyo. Mahali penye maji ya chini ya ardhi yaliyo karibu, kama sehemu za mabondeni, shimo la kunyonya hujaa lenyewe wakati wa masika. Pia nyumba nyingi hutumia vyoo vya shimo, hivyo shimo la maji ya mvua likichimbwa jirani na choo huweza kueneza uchafu hadi kisimani. Mwalimu makini huwapeleka wanafunzi uwanjani mvua inaponyesha, maana kiangazi mtaro uliojaa taka na mtaro wenye mteremko mbaya huonekana sawa tu: vyote vikavu.

Vyuo na bodi

Chuo kikuu kinachohusika zaidi ni Chuo Kikuu cha Ardhi, kilichotokana na shule ya upimaji iliyoanzishwa mwaka 1956 na kupewa hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007. Hufundisha mipangomiji, upimaji, ubunifu majengo, usanifu wa mandhari na uhandisi wa mazingira. Wahandisi ujenzi hutoka pia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, na mafundi sanifu wa maji hutoka Chuo cha Maji.

Baada ya shahada, mhandisi hupitia mafunzo ya vitendo ya miaka mitatu chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Wapangamiji wana bodi yao, na wabunifu majengo yao. Utaratibu huo hulinda viwango, ila una pengo: maji hayajui mipaka ya taaluma. Mpangamiji huchora viwanja, mpimaji huweka mawe ya mipaka, mbunifu huchora nyumba, na mhandisi huitwa mwisho, wakati nafasi ya mtaro imekwisha kugawiwa watu.

Kujifunza pamoja na wakazi

Mfano wa zamani wa mafunzo kazini uko Hananasif, Kinondoni, ambako katika miaka ya 1990 wakazi walijenga mitaro na njia kwa nguvu kazi yao, wakisaidiwa kitaalamu na Shirika la Kazi Duniani. Wataalamu walijifunza kuchora kazi ambayo mtu mwenye sururu na toroli anaweza kuitekeleza na baadaye kuitunza.

Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, ambamo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishirikiana na wakazi kuchora kata zinazopata mafuriko: nyumba, vichochoro, mitaro na makalavati. Ramani ziliwekwa wazi kwa kila mtu katika OpenStreetMap. Wanafunzi walijifunza kuuliza wazee wa mtaa maji ya mwaka fulani yalifika wapi ukutani, taarifa ambayo haipatikani katika picha za setilaiti.

Mwaka huohuo Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 300 kwa ajili ya Mradi wa Uendelezaji wa Jiji la Dar es Salaam, uliojenga barabara na mitaro mikubwa na kuboresha makazi yasiyopangwa katika manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke. Tangu 2017 mitaro ya barabara za mijini iko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ilhali vibali vya ujenzi hubaki kwa halmashauri.

Suala la mita 60

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa mwanafunzi wa upimaji hilo huonekana jambo rahisi la kuvuta futi, hadi anapofika kwenye mto ambao ukingo wake huliwa kila masika. Kipimo cha mwaka huu si cha mwaka ujao, na familia iliyojenga nje ya mpaka hujikuta ndani yake bila kuhama. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 nyumba nyingi za bonde la Msimbazi ziliwekewa alama ya X na kubomolewa. Katika urasimishaji wa makazi, ambapo nyumba zilizopo hupimwa na wenyewe kupewa hati, mpimaji ndiye anayeweka jiwe linaloamua ni nani atapata hati na ni nani atasubiri X.