Pombe na ukatili wa wenza
Pombe na ukatili wa wenza ni uhusiano kati ya unywaji na vitendo vya kumpiga, kumtisha au kumdhalilisha mke, mume au mpenzi. Pombe huongeza hatari ya ukatili lakini haiuzai peke yake: wanywaji wengi hawapigi, na wapo wapigaji wasioonja hata tone. Mwaka 1990 wanasaikolojia wa Marekani Claude Steele na Robert Josephs walieleza kuwa ulevi hubana fikra: neno la kuudhi lililotamkwa sasa hivi hujaa kichwani, na madhara ya kesho hufifia. Anayeumia zaidi ni mwenza wa mtu mwenye wivu au asiyejua kutuliza hasira hata akiwa hajalewa. Kisingizio cha “pombe ndiyo iliyonituma” ni dhaifu, kwani mlevi huyohuyo mara nyingi hunyenyekea mbele ya polisi. Tena, watafiti Craig MacAndrew na Robert Edgerton walionyesha mwaka 1969 kuwa mwenendo wa walevi hutofautiana kati ya jamii na jamii. Nchini Tanzania, kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamnyima kila mwanandoa haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo.