Kumsubiri Mtoto Ugenini: Muda Unapima Nini?

Anayetaka kuasili mtoto katika nchi isiyo yake hukabidhiwa kalenda kabla ya kukabidhiwa mtoto. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 ilimtaka mgeni awe ameishi nchini miaka 3 mfululizo, kisha awe amekaa na mtoto huyo katika malezi ya kambo kwa miezi isiyopungua 3, chini ya macho ya afisa ustawi wa jamii. Uganda nayo ilikuwa ikidai miaka 3 ya ukaazi na miezi 36 ya malezi. Marekebisho ya mwaka 2016 yakashusha vyote viwili hadi mwaka 1. Kenya ilitosheka na miezi 3 ya mtoto kuwa mikononi mwa mwombaji ndani ya nchi, mpaka Novemba 2014 serikali iliposimamisha watoto kuasiliwa na wageni.

Majirani watatu, vipimo vitatu. Kabla ya kuuliza kipi ni kirefu, tuulize kila kimoja kinapima nini.

Tuilete sheria ya Tanzania hadi Majengo, kata ya Manispaa ya Mpanda. Chukulia mke na mume wa kigeni wenye ajira mkoani Katavi wamepanga nyumba hapo. Miaka 3 ya kwanza hawana mtoto. Wana vibali vya kuishi vya kuhuisha, jamaa wa kwao wanaouliza kila mwezi kumefikia wapi, na majirani ambao hawaulizi kitu ila wanaona kila kitu. Muuza migebuka anajua wanakopa au hawakopi. Balozi wa mtaa anajua kama nyumba yao ina ugomvi usiku. Watoto wa jirani wanajua nani huwaitikia shikamoo na nani hupita kimya. Huo ni ushahidi ambao hakuna barua kutoka Ulaya au Marekani inayoweza kuubeba. Hapo ndipo penye hekima ya sharti la ukaazi: linampa mgeni muda wa kujulikana.

Mila za ukoo hazihitaji muda huo, kwa sababu anayemchukua mtoto anajulikana tangu mwanzo. Miongoni mwa Wapimbwe, Wabende, Wakonongo na Wasukuma wanaoishi Katavi, si ajabu mtoto kulelewa na bibi, shangazi au mjomba, na uamuzi ukatoka kwenye kikao cha ndugu siku hiyo hiyo. Mtoto habadili ukoo, anabadili jiko. Lakini wepesi huo una gharama zake. Hakuna jalada, hakuna afisa wa kurudi kukagua, na mtoto wa ndugu anaweza kugeuzwa mtumishi wa nyumba bila mtu kuhoji. Mzee akifariki, aliyeitwa mwanangu miaka yote anaweza kuambiwa kwenye mirathi kwamba alikuwa mgeni.

Uislamu ulipita njia ya tatu. Kumlea yatima ni ibada, ila nasaba yake haiguswi: anabaki na jina la baba yake mzazi. Harithi kama mtoto wa kuzaliwa, ingawa mlezi anaweza kumwachia kwa wasia kisichozidi theluthi ya mali. Malezi hayo, kafala, yametajwa katika Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, yakaingia katika Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 na ya Kenya ya mwaka 2022. Mkondo wa Kiingereza, ambao Uingereza iliuwekea sheria mwaka 1926 na ambao Tanzania Bara iliurithi, hufanya kinyume: hukumu ya mahakama hukata uzazi wa kwanza na kuunga wa pili, urithi ukiwemo. Mkato wa namna hiyo haurudishwi kirahisi, na ndiyo maana ni haki uchelewe kuliko kikao cha ndugu.

Basi subira ipi inafaa? Malawi ilijaribiwa hadharani. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilikataa ombi la pili la mwanamuziki Madonna kwa hoja kwamba hakuwa mkaazi wa Malawi. Miezi michache baadaye Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo, ikiweka mbele maslahi ya mtoto. Mahakama ya kwanza ilitetea kipimo. Ya pili ilikumbuka kipimo kiliwekwa kwa ajili ya nani.

Kwa mizani hiyo, sheria ya Tanzania imeegemea upande mmoja. Miaka 3 inamjaribu mgeni kama mkaazi. Miezi 3 tu inamjaribu kama mzazi. Mtu anaweza kuwa jirani mwema wa Majengo na bado asijue kumtuliza mtoto anayeamka akilia saa nane usiku akiita jina la mtu aliyemzaa. Tena miaka hiyo ikihesabiwa wakati mtoto yuko kwenye makao ya watoto, anayelipa gharama ya subira ni yeye, maana utoto hausimami kungoja muhuri. Uganda ya sasa imeweka uzito mahali pake: mwaka wa kufahamika na watu, na mwaka mzima wa kuishi na mtoto.

Tanzania ingefanya vyema kupunguza miaka ya ukaazi na kuongeza miezi ya malezi, huku afisa ustawi wa jamii akiwezeshwa kufika nyumbani mara kwa mara, na majirani wakiulizwa wanachokijua. Kutoka kwa mila tuchukue macho ya watu, kutoka kwa kafala heshima ya nasaba, na kutoka kwa mahakama haki ya kurithi. Mtoto anastahili vyote vitatu.