Punda Angeulizwa Alale Wapi

Mvua ya Novemba ikinyesha usiku hapa Kabati, Ukambani, punda wa jirani yangu hujibana kwenye ukuta wa jikoni, makalio ameyaelekeza kwenye upepo, masikio yamelala nyuma. Manyoya yamelowa hadi ngozi. Mchana huohuo amebeba mitungi minne ya lita 20 kutoka mtoni.

Watu husema punda ni mnyama wa nje, amezoea. Amezoea jua, sawa. Asili yake ni nchi kavu za Afrika. Mvua ni jambo jingine. Watafiti wa Uingereza waliomlinganisha na farasi waliona punda akikimbilia kibanda mara nyingi zaidi mvua ikinyesha, kwa kuwa manyoya yake hayazuii maji kama ya farasi.

Lamu punda akituliwa mzigo huachwa azurure vichochoroni. Naupenda uhuru huo, ila una gharama: hula mifuko ya plastiki jalalani, na tumbo likifunga huishia kwenye zahanati ya punda iliyopo mjini humo tangu 1987. Ukambani tulikuwa karibu na desturi hiyo hadi vichinjio vya punda vilipofunguliwa nchini kuanzia 2016, kimoja Machakos. Wizi ukaingia, na punda wakasogezwa karibu na dirisha la mwenye nyumba. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji 2020, mahakama ikaitengua 2021. Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika wakakataza biashara ya ngozi ya punda. Hofu ya mwizi ndiyo iliyomhamisha punda, wala hakuna aliyemuuliza.

Kumbe mnyama anaweza kuulizwa. Mwaka 2016 watafiti wa Norway walieleza walivyowafundisha farasi 23 kuonyesha kwa pua ubao wa alama: nivisheni blanketi, nivueni, niacheni nilivyo. Siku ya baridi na mvua waliliomba. Siku ya jua waliomba livuliwe. Jibu lilifuata hali ya hewa.

Mbwa naye, akiachwa achague, hufuata watu. Pwani Waislamu wengi humweka nje, kwa imani kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa, ingawa wa ulinzi anaruhusiwa. Kwetu hulala nje kwa sababu ya kazi. London hulala kwenye kochi. Mtazame wa kwako: mkikaa chini ya mwembe, yuko mwembeni, mkiingia ndani, analala kizingitini, pua ikigusa mlango. Kwa hiyo mbwa wa Nairobi anayefungiwa kizimbani peke yake mchana kutwa ndiye ninayemhurumia zaidi, hata kama paa lake halivuji.

Ndugu yangu mwenye punda, kabla ya mvua zijazo zungushia boma ua imara wenye kufuli, kwa ajili ya mwizi. Ndani yake simamisha paa la mabati lililo wazi upande mmoja, usimfunge kamba, na umwekee punda mwenzake ukiweza. Kisha mwachie achague mwenyewe.