Mwanajopo anapostahili kujiondoa katika kesi ya daktari

MKAZI wa Msambweni au Diani anayeamini kwamba jamaa yake aliumizwa kwa utepetevu wa daktari si lazima aanzie mahakamani. Anaweza kuwasilisha malalamishi kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC), ambalo lilichukua mahali pa iliyokuwa Bodi kufuatia mabadiliko ya sheria ya mwaka 2019. Wauguzi na maafisa wa kliniki wana mabaraza yao.

Lakini mlalamishi huingiwa na shaka upesi: je, madaktari watamhukumu mwenzao kwa haki? Wahenga walikwisha kuonya kwamba kesi ya ngedere haipelekwi kwa nyani.

Sheria inaitambua shaka hiyo. Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kusikizwa na mahakama au jopo huru lisiloegemea upande wowote. Nayo sheria ya mwaka 2015 kuhusu haki katika maamuzi ya kiutawala, katika kifungu cha 7, inaruhusu mahakama kuupitia upya uamuzi wa mtu aliyependelea, au anayeweza kushukiwa hivyo kwa sababu za maana.

Kwa hivyo, si lazima kuthibitisha kwamba mwanajopo alipendelea kwa hakika. Kipimo ni jinsi mtu mwenye busara, anayeufahamu ukweli wote, angeliona jambo hilo.

Mfano maarufu ni wa Sussex, Uingereza, mwaka 1923. Mwendesha pikipiki alipatikana na hatia baada ya ajali. Ikabainika kwamba karani aliyeandamana na mahakimu faraghani alitoka katika kampuni ya mawakili iliyomwakilisha mhasiriwa aliyedai fidia. Ingawa karani hakutia neno, hukumu ilifutwa, kwani haki haina budi kuonekana ikitendeka.

Sababu zenye uzito

Mwanajopo anastahili kujiondoa iwapo ana maslahi ya kifedha katika hospitali inayolalamikiwa, ana udugu na mmoja wa wahusika, alishiriki kumtibu mgonjwa huyo, au alikwisha kutangaza msimamo wake kuhusu kesi. Daktari naye ana haki iyo hiyo. Mwenye kliniki Diani, kwa mfano, anaweza kumpinga mwanajopo ambaye ni mshindani wake wa kibiashara papo hapo.

Kuwa daktari pekee si sababu ya kutosha, kwani jopo linahitaji wataalamu wa kupambanua tiba sahihi na kosa. Vilevile, kusoma chuo kimoja hakutoshi. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufunza madaktari mwaka 1967, na kwa miaka mingi hakukuwa na kingine nchini; kama usuhuba wa darasani ungekuwa kizuizi, majopo mengi yangekosa watu.

Jinsi ya kupinga

Pingamizi hutolewa mapema, ikiwezekana kwa maandishi, mara tu sababu inapojulikana, huku ikieleza mambo yanayoweza kuthibitishwa wala si uvumi. Anayejua kasoro akanyamaza, kisha akalalama baada ya kushindwa, huenda akahesabiwa kuwa aliikubali. Pingamizi ikikataliwa, aombe iwekwe katika kumbukumbu za kikao. Itamfaa akienda Mahakama Kuu.

Hata hivyo, kuondolewa kwa mwanajopo hakumaanishi kwamba daktari ana hatia. Kunahakikisha tu kwamba atakayeshindwa hatakuwa na sababu ya kuilaumu mizani.

Jambo la mwisho ni muda. Kesi ya fidia kwa madhara ya utepetevu hufunguliwa kwa kawaida ndani ya miaka 3, na dhidi ya Serikali ndani ya miezi 12. Aliyetibiwa katika hospitali ya umma asidhani kwamba malalamishi aliyopeleka kwa Baraza yanasimamisha saa hiyo.