Babu na Baiskeli, sehemu ya 3: Gia ilipoitwa kitu cha wazee

  Haya, tuendelee.

Baada ya ile sehemu ya pili swali lililokuja sana ni hili: baba (au baba mkwe) ana miaka 60 na zaidi, ana baiskeli yake, na bado anapenda kutoka nayo asubuhi kwenda huko nje ya mji kwenye vilima. Haendi kazini, haendi sokoni, anaenda tu kwa sababu anapenda. Tumzuie?

Mambo ya kitabibu nitayasema mwisho. Kwanza niwape historia, maana swali la nani amezeeka mno kwa vilima lilishagombaniwa Ufaransa zaidi ya miaka 120 iliyopita, tena magazetini. Na kilichogombaniwa ni gia.

Kulikuwa na bwana mmoja anaitwa Paul de Vivie, amezaliwa mwaka 1853, mfanyabiashara wa hariri katika mji wa Saint-Étienne. Baiskeli ya kwanza alinunua mwaka 1881, ile ya zamani yenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, na mapenzi yakamkolea hadi biashara ya hariri akaiacha. Mwaka 1887 akaanzisha jarida la waendesha baiskeli, Le Cycliste, akawa anaandika kwa jina la Vélocio. Wafaransa mpaka leo wanamjua zaidi kwa jina hilo.

Sasa Saint-Étienne uko chini ya milima. Ukitoka kuelekea kusini barabara inapanda mpaka kwenye kipito kinachoitwa Col de la République, mita 1,161 juu ya usawa wa bahari. Inasimuliwa kwamba mwaka 1889 Vélocio alikuwa anapanda pale, anahema, akapitwa na kijana aliyekuwa msomaji wa jarida lake. Na huyo kijana alikuwa anavuta kiko! Hebu fikiria: wewe jasho linakutoka, mwenzio anapita na moshi mdomoni.

Kilichomuuma Vélocio ni hesabu. Baiskeli za wakati ule zilikuwa na mwendo mmoja tu, kama hizi Phoenix za kwetu. Ukitaka ikimbie kwenye tambarare inabidi gurudumu la meno la mbele liwe kubwa, lakini hilo hilo kubwa ndilo linalokushinda ukifika kwenye mlima. Ukiweka dogo mlima utaupanda, ila kwenye tambarare utakanyaga kama kuku anayeparua, na mwendo hakuna.

Wanaojua gunia la mahindi watanielewa haraka. Gunia la kilo 100 huwezi kulinyanyua peke yako. Lakini ukilihamisha sado kwa sado, jioni gunia lote limefika ndani, na mgongo wako mzima. Gia nyepesi inafanya hivyo hivyo. Mbele kukiwa na meno 48 na nyuma 16, mguu ukizunguka mara moja gurudumu linazunguka mara tatu. Hiyo ni kunyanyua gunia zima. Mbele 24 na nyuma 24, mguu mara moja, gurudumu mara moja. Unazungusha mara nyingi zaidi, lakini kila mzunguko ni mwepesi. Mlima haujapungua hata sentimita moja, ila goti halibebi tena mzigo wote kwa mkupuo.

Vélocio akaweka magurudumu mawili ya meno mbele, na mnyororo akawa anauhamisha kwa mkono. Baadaye yeye na mafundi wengine wakaendelea kutafuta namna ya kuuhamisha mtu akiwa amekaa kwenye siti. Kwenye jarida lake hakuchoka kuandika kwamba gia itamfungulia milima mtu wa kawaida.

Ndipo ugomvi ulipoanza. Mwaka 1902 chama cha utalii cha Touring Club de France kilipanga majaribio ya baiskeli kwenye milima ya Pyrenees. Mwanamke mmoja, Marthe Hesse, akapanda na baiskeli ya gia bila kuteremka kusukuma. Mwaka 1902 jamani, mwanamke, mlima wa Tourmalet! Mngetegemea watu wapige makofi.

Henri Desgrange, mhariri wa gazeti la L'Auto, ambaye mwaka uliofuata ndiye aliyeanzisha mashindano ya Tour de France, hakufurahi hata kidogo. Aliandika kwamba gia ni za watu waliopita miaka 45, kwamba ushindi wa kweli ni wa misuli na si wa kifaa, na kwamba watu wanaanza kuwa legelege. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka 37. Ni rahisi kudharau magoti ya mwenzio kabla ya yako kuanza kulia.

Na hakuishia kuandika. Kwenye Tour de France kifaa cha kuhamisha mnyororo kilikuja kuruhusiwa kwa mashujaa wote mwaka 1937. Kabla ya hapo wengi walikuwa na gurudumu la nyuma lenye meno pande mbili: wakifika chini ya mlima wanashuka, wanafungua gurudumu, wanaligeuza, wanafunga, wanapanda. Kwenye baridi, vidole vimekufa ganzi. Kwa hiyo kwa miaka zaidi ya 30, mstaafu aliyetoka Jumapili kutembea alikuwa na chombo bora zaidi cha kupandia mlima kuliko bingwa wa dunia. Hapa huwa nacheka peke yangu.

Vélocio hakubishana kwa maneno tu. Aliendelea kupanda milima ile akiwa na miaka 50, 60, 70. Alikufa mwaka 1930 akiwa na miaka 76, na si mlima uliomuua. Aligongwa na tramu mjini, akiwa anakokota baiskeli yake. Kuanzia 1922, yeye akiwa bado hai, waendesha baiskeli wamekuwa wakikusanyika kupanda Col de la République kwa heshima yake, vijana na wazee pamoja.

Aliacha pia maagizo machache ya safari. Mimi kama nesi nayapenda. Alisema mtu apumzike mara chache na kwa muda mfupi, ale kabla ya njaa, anywe kabla ya kiu, asijichoshe mpaka chakula na usingizi vikamkataa, na asikanyage pedali kwa ajili ya kujionyesha. Hilo la kiu alilisema kwa uzoefu wa barabarani, lakini linamhusu mzee kuliko mtu yeyote. Mwili ukizeeka, hisia ya kiu hufifia. Babu anaweza kuwa amepungukiwa maji na bado akakwambia kwa dhati, "Mwanangu, mimi sina kiu." Hakudanganyi. Kwa hiyo usimuulize kama ana kiu, mpe chupa. (Kama ana ugonjwa wa moyo au figo na ameambiwa apunguze maji, hapo mfuate daktari wake, sio Vélocio.)

Halafu kuna Robert Marchand. Amezaliwa 1911, Mfaransa pia, mfupi, mita 1.52. Aliwahi kuwa zimamoto na kufanya kazi nyingine nyingi, akaiacha baiskeli miaka mingi, akairudia sawasawa alipokaribia miaka 70. Mwaka 2012, akiwa na miaka 100, aliendesha saa nzima kwenye uwanja wa baiskeli akafika kilomita 24.25. Mwaka 2014 akarudia: kilomita 26.927. Yaani akiwa na miaka 102 alikwenda mbali zaidi kuliko akiwa na 100.

Watafiti wakiongozwa na Véronique Billat walimpima kati ya hizo mara mbili. Alikuwa anaendesha kama kilomita 5,000 kwa mwaka, asilimia 80 mwendo mwepesi na 20 mwendo mgumu. Uwezo wa mwili wake kutumia oksijeni ulipanda kutoka mililita 31 hadi 35 kwa kila kilo kwa dakika. Ni mtu mmoja tu, na wa ajabu, kwa hiyo usimwonyeshe baba yako hii ukitegemea afanye hivyo. Ila inaonyesha kwamba hata katika umri ule mwili ulikuwa bado unaitika mazoezi. Mwaka 2017, akiwa na miaka 105, alifika kilomita 22.547. Alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 109.

Sasa nirudi kwenye swali. Kumzuia tu kwa sababu ya umri, mimi sikubali. Mpelekeni akapimwe presha, sukari na moyo, halafu mwangalie haya. Kama anatumia dawa za presha za jamii ya atenolol, mapigo ya moyo hayapandi sana hata akichoka, kwa hiyo saa ya kupima mapigo itamdanganya. Apime kwa kuongea: akishindwa kumaliza sentensi, apunguze mwendo. Kama anachoma insulini au anameza glibenclamide, awe na kitu kitamu mfukoni kila safari. Baiskeli haiimarishi mifupa kama kutembea, kwa hiyo asiache kutembea. Helmeti, lazima. Kubanwa kifua, kizunguzungu au moyo kwenda mbio bila mpangilio, anashuka hapo hapo na mnamwahisha hospitali, hata kama anasema ni gesi.

Na kama mnajichanga kumnunulia zawadi, ulizeni fundi bei ya baiskeli ya gia, hata mtumba. Akiona aibu kwamba gia ni za wazee, msomeeni habari za Desgrange.

Sehemu ya 4 ni urefu wa siti na maumivu ya magoti. Pimeni kabla: mzee akiwa amekaa kwenye siti, pedali ikiwa chini kabisa, goti limekunja kiasi gani? Niandikieni hapa chini.